UZI: Zaburi ya siku ya kupumzika inaanza kwa kushukuru. Kwa nini?

#1 Jioni_Njema (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu na sikuweza kuufupisha bila kuuharibu, kwa hiyo mwenye haraka leo auhifadhi, ausome siku akiwa ametulia.

Zaburi ya 92 ina kichwa ambacho wengi wetu tunakiruka: ni wimbo wa siku ya sabato. Katika maandiko ya Kiebrania, kati ya zaburi zote 150, ni hii peke yake iliyopewa siku hiyo. Nilitegemea wimbo wa siku ya kupumzika uzungumzie mapumziko. Hauzungumzii. Ukishaondoa kichwa, neno sabato halimo hata mara moja. Unaanza tu: "Ni neno jema kumshukuru BWANA." Nimekaa na swali hili miezi kadhaa sasa. Aliyeuweka wimbo wa shukrani kwenye siku ya kuacha kazi aliona nini?

Nieleze nilikotoka. Kwa karibu miaka 4 nilikuwa na daftari la shukrani. Kila usiku kabla ya kulala naandika mambo matatu. Siku moja nikaanza kulisoma kutoka nyuma, na karibu kila ukurasa ulikuwa na maneno yale yale kwa mpangilio ule ule: afya, familia, kazi. Sikuwa naongopa. Nilivipokea vyote vitatu kila siku, ila sikuwahi kuvitazama. Afya nilikuwa naitumia, familia naikuta imelala, kazi ndiyo ilikuwa ikinitoa nyumbani kabla hakujakucha. Daftari lilikuwa kazi ya mwisho ya siku, naimaliza kama nilivyomaliza nyingine.

Kilichonifungua macho ni Kutoka 16, habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Israeli jangwani. Angalieni mahali ilipo. Israeli wametoka utumwani, hawajafika Sinai, amri kumi bado (zinakuja sura ya 20). Kabla hawajaambiwa wasiue wala wasiibe, wanafundishwa kupumzika, na wanafundishwa kwa chakula. Kila asubuhi wanaokota kipimo cha omeri moja kwa kila kichwa. Anayeweka kiporo mpaka kesho yake anakuta mabuu. Siku ya sita wanaokota mara mbili, na mara hii kiporo hakiozi. Siku ya saba nje hakuna kitu.

Halafu unakuja mstari wa 27. Siku ya saba wako watu waliotoka kwenda kuokota, wasione kitu.

Hao watu nawahurumia sana. Chakula kimo hemani, kimeshapikwa tangu jana, nao wako nje wameinama wanatazama mchanga. Njaa siyo iliyowatoa. Ni mwili uliozoea kwamba asubuhi usiyoitafutia kitu ni asubuhi ya hatari. Mimi nimekuwa mtu wa mstari wa 27 kwa muda mrefu. Siku yangu ya kupumzika nilikuwa nakaa, lakini kichwani nilikuwa nje na kikapu.

Ninavyoona sasa, shukrani ya mana haikuwa maneno kabisa. Ilikuwa kubaki hemani. Mtu aliyeketi asubuhi ile akala cha jana bila kutoka nje alikuwa amesema "kinatosha", hata kama hakufungua kinywa. Ndiyo maana naanza kuamini kwamba kupumzika na kushukuru, kwa watu wale, lilikuwa tendo moja. Anayeshukuru bila kuacha kutafuta bado hajakubali kwamba amepewa.

Nitaendelea. Karibuni mchangie, hata wa kunipinga.

#2 Msomaji_Kimya

Mkuu, mstari wa 27 nimeusoma miaka yote na sikuwahi kusimama hapo. Nafuatilia.

#3 Zamu_Mbili

Kwa heshima zote mleta uzi. Mimi nina kazi mbili, ya mchana na ya usiku, na siku ya saba nachukua kibarua kingine kikitokea. Kwangu mana haishuki. Nikibaki hemani siku ya saba, siku ya nane watoto hawali. Kila nikisikia mahubiri ya kupumzika naona yanahubiriwa na watu waliokwisha kushiba. Sisemi kwa hasira, nasema kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba kuchoka kwangu ni upungufu wa imani.

#4 Jioni_Njema (mleta uzi)

Ndugu yangu, asante kwa kusema, na nakujibu kwa uangalifu kwa sababu ulilosema lina uzito kuliko uzi wangu.

Wewe si mtu wa mstari wa 27. Wewe uko Kutoka 5. Pale Musa na Haruni wanaomba watu waende jangwani wakamfanyie BWANA sikukuu, na Farao anakasirika kwamba wanawapumzisha watu na mizigo yao. Anaondoa majani ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Halafu anawaita wavivu. Aliyechoka kupita kiasi kuitwa mvivu ni jambo la zamani sana, na Biblia inamwonyesha waziwazi aliyelisema kwanza.

Sasa soma amri yenyewe, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, uone inamwambia nani. Inasema na mwenye mtumwa, mwenye mjakazi, mwenye ng'ombe na punda, mwenye malango ambayo mgeni anaishi ndani yake. Kwenye Kutoka 20 sababu ya sabato ni kuumbwa kwa ulimwengu. Hapa sababu imebadilika: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Na lengo limetajwa, ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Amri imewekwa mabegani mwa mwenye uwezo wa kumpa mwenzake nafasi ya kuvuta pumzi. Haikuandikwa kukulaumu wewe. Ikiwa kuna wa kuulizwa juu ya siku yako ya saba, ni anayepanga zamu na anayepanga malipo. Nabii Amosi aliwasema hao hao katika 8:5, wafanyabiashara waliokuwa wakiuliza sabato itakwisha lini wafungue ghala, huku wakipunguza kipimo na kuongeza uzito wa shekeli.

Na hapa niseme langu, kwa sababu nisipolisema nitakuwa nimewaficha.

Mwaka juzi niliamua kuwa na siku moja kamili ya kupumzika. Simu nimezima, kompyuta nimefungia kabatini. Nilikuwa nimekaa na Biblia, Kumbukumbu la Torati sura hiyo hiyo ya 5, nikafika mstari wa 14, mahali panapomtaja mjakazi. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani akapita mbele yangu na ndoo ya maji. Alikuwa ameamka saa kumi na moja kama siku zote. Na kwa kuwa siku hiyo wote tulishinda nyumbani tukipumzika, vyombo vilikuwa vingi kuliko siku nyingine yoyote ya wiki. Mapumziko yangu alikuwa ameyabeba yeye kichwani.

Sikumaliza sura. Nilimwita mke wangu tukazungumza, na wiki iliyofuata tukaanza kupika jana yake, kama wale wa mana. Binti siku hiyo ni yake kabisa, anaamka anapotaka, anakwenda anapotaka, na mshahara wake hauguswi. Vyombo naosha mimi. Ni siku hiyo ya kwanza ndipo shukrani yangu ilipopata kitu cha kutaja kwa jina.

#5 Mwana_wa_Maneno

Niongeze jambo dogo la lugha, maana linashikamana na kauli ya mleta uzi ya "nafasi ya kuvuta pumzi".

Kiebrania kina kitenzi cha kuacha kazi, *shavat*, ndiko jina sabato linakotoka. Lakini Kutoka 23:12, inapofika kwa mwana wa mjakazi na mgeni, inatumia kitenzi kingine adimu kinachotokana na *nefesh*, neno ambalo maana zake ni pamoja na uhai na pumzi. Kitenzi hicho kimo mara 3 tu katika Agano la Kale lote. Mara ya kwanza ni hapo. Mara ya pili ni Kutoka 31:17, na anayesemwa ni Mungu mwenyewe, alipoacha kazi siku ya saba. Mara ya tatu ni 2 Samweli 16:14: Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu, ametukanwa na kurushiwa mawe njia nzima, anafika amechoka yeye na watu wake, na hapo wanarudisha pumzi.

Yaani neno alilopewa Muumba ndilo alilopewa mtoto wa mjakazi. Hakuna jingine lililochaguliwa kwa ajili ya mkubwa.

Na tazameni Kiswahili chetu. Pumzika imejengwa juu ya pumzi. Waliotuachia lugha hii walijua kinachompotea mtu anayefanya kazi bila kusimama.

#6 Nuru_ya_Alfajiri

Assalaam alaykum na salamu kwa wote. Mimi ni Muislamu, uzi umenigusa, naomba niweke kidogo kutoka upande wetu.

Katika Suratun Nabaa, aya ya 9 hadi 11, Mwenyezi Mungu anahesabu neema zake, na humo anautaja usingizi kuwa mapumziko, usiku kuwa vazi, mchana kuwa wa kutafuta maisha. Mimi hulitafakari sana neno vazi. Usiku unakufunika, huonekani, hudaiwi kitu. Na katika Suratul Jumua, aya ya 9 na 10, waumini wanaitwa waache biashara waende kwenye kumtaja Mungu, kisha swala ikimalizika watawanyike watafute fadhila zake. Ijumaa kwetu haikufanywa siku nzima ya kuacha kazi. Lakini ile saa ya kuacha mizani mezani na kuondoka, wakati mteja bado yupo, ndiyo inayompima mtu. Aliyeweza kuondoka amekiri riziki haitoki mikononi mwake.

Naona tunakutana hapo na mleta uzi, ingawa tumepita njia tofauti.

#7 Jioni_Njema (mleta uzi)

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. "Hudaiwi kitu." Hilo nimelinakili kwenye daftari.

#8 Swali_Moja

Samahani wakuu, mbona hamsemi siku yenyewe ni ipi? Jumamosi au Jumapili? Naona mnazunguka.

#9 Jioni_Njema (mleta uzi)

Sizunguki mkuu, nina msimamo wangu na kanisa langu lina wake, ila uzi huu sitaki ugeuke huko kwa sababu naujua mwisho wake. Warumi 14:5-6 inawataja anayeadhimisha siku na wanaoziona siku zote sawa, anayekula na asiyekula, na wote wanaachwa mbele za Bwana. Mtume Paulo anapomtaja anayekula anasema anamshukuru Mungu, na anapomtaja asiyekula anasema naye pia anamshukuru Mungu. Niko tayari kuishia hapo.

#10 Dada_Mfariji

Nimesoma kila mchango na nimeandika nikafuta mara tatu.

Mwaka jana nilimzika mwanangu. Siku ya tatu ya msiba, mtu ninayemheshimu alinishika mkono akaniambia, dada, Neno linasema shukuruni kwa kila jambo. Sijaweza kuomba sala ya shukrani tangu siku ile. Nikifungua kinywa naona kama natakiwa kushukuru kwa kaburi. Kupumzika pia siwezi, nikikaa kimya ndipo inarudi. Kwa hiyo nafanya kazi tu. Je, mtu kama mimi ana nafasi kwenye uzi huu?

#11 Jioni_Njema (mleta uzi)

Dada yangu, pole. Pole sana. Nimekaa na maneno yako tangu jana na sikutaka kujibu haraka.

Nafasi unayo. Naomba nianze na mstari uliotumiwa kukuumiza. 1 Wathesalonike 5:18 kwa Kiyunani inasema *en panti*, yaani ndani ya kila hali. "Kwa" ya Kiswahili inabeba maana nyingi, na mtu akiisoma vibaya anasikia "kwa sababu ya". Mtume hakumwagiza mama ashukuru kwa ajili ya kaburi la mtoto wake. Kuna umbali mkubwa kati ya kushukuru ukiwa gizani na kulishukuru giza.

Pia, anayekudai shukrani leo amesahau zaburi nyingine zote. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni giza. Hakuna "lakini" mwishoni, hakuna sifa ya kufungia. Na imo ndani ya kitabu kile kile cha sifa, hakuna aliyeitoa wala kuirekebisha. Aliyeiandika aliruhusiwa kuishia pale alipokuwa.

Zaburi ya 107 nayo isome taratibu. Ina makundi manne: waliopotea jangwani, waliofungwa gizani, wagonjwa waliofika malango ya mauti, na mabaharia kwenye dhoruba. Kila kundi linalia kwanza, linaokolewa, kisha ndipo linaitwa kushukuru. Kwenye zaburi hiyo hakuna anayeambiwa ashukuru wakati mawimbi bado yanampiga.

Kuna jambo jingine kuhusu shukrani za kale ambalo naona tumelipoteza. Walawi 7:11-15 inaeleza sadaka ya shukrani. Ni mnyama mzima, na pamoja naye mikate ya aina kadhaa, isiyotiwa chachu na iliyotiwa. Nyama yake lazima iliwe siku ile ile, isibaki hata kidogo mpaka asubuhi. Hebu fikiria mtu mmoja na familia yake wakijaribu kummaliza mnyama kabla ya kesho. Haiwezekani. Ilimlazimu aite watu. Ni sheria ya mana imerudi, hakuna kuweka akiba, ila safari hii inamkusanyia mtu majirani. Shukrani haikuwa mtihani wa moyo wa mtu mmoja akiwa peke yake na uchungu wake. Ilikuwa meza, na kwenye meza ile bila shaka waliketi watu ambao mwaka wao ulikuwa mbaya, wakala cha mwenzao bila kudaiwa wimbo.

Kwa hiyo usishukuru, dada. Kaa mezani kwetu. Kwa sasa tutashukuru sisi, wewe kula.

#12 Zamu_Mbili

Dada, mimi ndiye niliyeandika juu kwa uchungu. Nimekukumbuka leo kazini usiku, nikataja jina lako la humu katika sala, maana silijui jingine.

Mleta uzi, Kutoka 5 nimeisoma wakati wa mapumziko ya dakika 15. Sikujua imeandikwa hivyo. Nilidhani Biblia iko upande wa anayehesabu matofali.

#13 Mama_Pacha

Mimi nina pacha wa miezi mitano. Nikisoma mnayoandika naona kama nasikiliza habari za nchi ya mbali. Siku ya saba hawalijui neno sabato, wanalijua ziwa. Nanyonyesha, naosha, nabembeleza, na nikipata dakika za kusali nasinzia katikati ya "Baba yetu". Halafu najisikia vibaya kwamba sisali. Maandiko yana nini kwa mtu ambaye hata usingizi hauko mikononi mwake?

#14 Jioni_Njema (mleta uzi)

Dada, kwako nina nabii Eliya, 1 Wafalme 19.

Amekimbia, amekaa chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Halafu analala. Malaika anapofika hamkemei na hamwulizi amesali mara ngapi. Anamgusa, anamwambia inuka ule. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake. Anakula, anakunywa, analala tena. Analala mara ya pili na hakuna anayemshangaa. Malaika anarudi na maneno yale yale ya kula, na safari hii anaongeza sababu: safari ni kubwa mno kwako. Swali la Mungu, "unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja baadaye kabisa, pangoni kwenye mlima Horebu, baada ya siku 40 za njia. Mbinguni kuliona huyu kwanza anahitaji kulala na kula, mengine yasubiri. Kwa hiyo ukisinzia katikati ya "Baba yetu", mimi sioni kwamba sala imekatika.

Na Marko 6:31 Yesu anawaambia wanafunzi waje faragha wapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi, wakija na kuondoka, hata nafasi ya kula hawakupata. Wakapanda mashua. Walipofika ng'ambo, umati umeshawatangulia. Mapumziko yao yalikuwa urefu wa safari ile ya mashua tu. Zamani nilisoma hapo nikaona mapumziko yameshindikana. Sasa naona Marko aliona ile mashua inafaa kuandikwa.

Nakuongezea moja niliyojifunza kwa Mwanzo 1, "ikawa jioni, ikawa asubuhi". Siku ya kale inaanza jua likizama, kama saa zetu za Kiswahili zinavyoanza upya saa moja ya usiku, na kama tunavyosema bado "usiku wa kuamkia" siku fulani. Maana yake kazi ya kwanza ya siku ni kulala. Unapoamka, siku ilishaanza bila wewe. Daftari langu nimelihamisha kwa sababu hiyo. Siandiki tena usiku nikifunga hesabu za siku. Naandika jua linapozama, kabla sijafanya lolote katika siku inayoanza, na mara nyingi ni jambo moja tu.

Lakini dada, mkate wa Eliya ulipikwa na mwingine. Baba pacha yuko karibu? Msomee sura hiyo.

#15 Mama_Pacha

Nilimsomea juzi. Alinyamaza.

Jana saa moja usiku aliwachukua wote wawili, akaniambia nikalale chumba kingine nifunge mlango. Nimelala mpaka saa sita. Nilipotoka nikakuta maji kwenye jagi na chakula kimefunikwa mezani, yeye amekaa kwenye kiti na mmoja kifuani, mwingine pembeni, wote watatu usingizi. Nimekula nimesimama nikiwatazama. Kisha nikarudi kulala.